Mombasa Wakati wa Kaskazi: Safari Inayoanzia Kwa Vonza

Familia ya Kwa Vonza, huko Kitui, ikitaka kwenda Mombasa, mwezi wa safari huchaguliwa na shule. Likizo ya Aprili ni fupi, tena huangukia mwanzoni mwa masika. Ile ya Agosti ina hali nzuri ya hewa, lakini nayo ni fupi, na karo ya muhula wa tatu iko mlangoni. Basi safari husukumwa hadi likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, watoto wakiwa nyumbani, aliyeajiriwa mjini akiwa na ruhusa, na jamaa wa Changamwe au Mikindani wakisisitiza kwamba mwaka huu wageni waje kweli. Wakati huo upepo wa kaskazi umekwisha kuingia pwani, na joto linaongezeka mwezi hadi mwezi kuelekea Machi.

Mtu wa Kitui akionywa kuhusu joto la Mombasa hucheka. Amelelewa juani. Anajua kuingia shambani kabla jua halijachomoza na kuweka jembe chini saa nne, anajua thamani ya kivuli cha mwembe na maji ya mtungini. Lakini joto lake ni kavu. Kwa Vonza iko kwenye ukanda wa Yatta, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Jasho likitoka hukauka papo hapo, na katika kukauka huko huuondolea mwili joto. Usiku hewa hupoa, mtu akatafuta blanketi. Mombasa ni kisiwa kilicho usawa wa bahari, na hewa yake imejaa mvuke. Jasho hutoka likabaki palepale kwenye ngozi, shati likalowa, na mwili ukakosa njia yake ya kujipoza. Februari na Machi joto la mchana hufikia wastani wa nyuzi 32 au 33 hivi za Selsiasi, kiwango ambacho hakimtishi mtu wa Ikutha au Mutomo. Kinachomlemea ni usiku, maana hata alfajiri kipimo hukaribia nyuzi 24, na mwili haupati saa ya kupumzika. Siku mbili za kwanza mgeni huzipitisha kwa furaha ya ugeni. Ya tatu kichwa huanza kuuma, watoto wakakataa chakula, na nyanya akauliza ni lini watu wanarudi nyumbani.

Anayeweza kuchagua mwezi achague Julai au Agosti. Wakati huo kusi inavuma, mchana una nyuzi 28 hivi, usiku 20 au 21, na mvua kubwa za Mei zimekwisha kupita. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopo hapo Kwa Vonza na kilichopewa hati yake mwaka 2013, wanaweza kuufuata ushauri huu kwa urahisi kuliko mzazi mwenye watoto wa msingi, kwa kuwa mihula yao haifuati ya shule. Wengine watakwenda Desemba. Sura hii imeandikwa kwa ajili yao hasa, kwa sababu Mombasa ya kaskazi inawezekana, na ina utajiri ambao Mombasa ya Agosti haina.

Utajiri huo umetokana na upepo wenyewe. Kwa karne nyingi, kabla ya meli za mvuke, majahazi ya Arabuni, Ghuba na India yalishuka pwani hii kwa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, yakangoja kusi ya Aprili iyarudishe makwao. Miezi ya joto kali ndiyo iliyokuwa miezi ya mji kujaa: nyumba zikapokea wageni, maghala yakafunguliwa, bei zikapatanwa barazani hadi usiku. Waliojenga Mji wa Kale waliujenga wakijua kwamba wageni wao watafika katika msimu huo. Mji una saa zake za kutoka na saa zake za kujificha, na mgeni akizishika saa hizo, joto hilohilo litampisha. Ndiyo maana mpango wa safari hii unafaa kuanza na saa. Orodha ya mahali pa kuona itafuata baadaye.

Watu wa Kitui walilijua jambo hili zamani. Tangu mwishoni mwa karne ya 18 misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka pwani, na kufikia miaka ya 1830 na 1840 ndiyo iliyoshika biashara ya pembe za ndovu kati ya sehemu hii ya bara na Mombasa. Misafara mikubwa ilikuwa na watu 300 hadi 400. Walibeba pembe za ndovu, pembe za kifaru, asali na nta, wakarudi na nguo, shanga, chumvi na waya wa shaba. Pembe zile zilipelekwa Zanzibar, zikaendelea hadi Bombay, London na Marekani, zikawa bangili, vitana na vibonyezo vya piano. Kitambaa cha merikani kilichowafikia watu wa Kitui kilifumwa katika viwanda vya New England. Soko la dunia, kwa maneno mengine, lilifika Yatta kwa miguu, nusu karne na zaidi kabla ya reli.

Mfanyabiashara aliyejulikana kuliko wote alikuwa Kivoi wa Mwendwa wa Kitui. Novemba 1849 Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa shirika la Church Missionary Society, aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, akapanda hadi kwa Kivoi, na tarehe 3 Desemba akiwa katika nchi ya Kitui akauona Mlima Kenya. Mabingwa wa jiografia huko Ulaya, akiwamo William Desborough Cooley wa London, walikataa kuamini kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Kivoi hakuhitaji kusadikishwa: alikuwa amefika nchi za mlima ule katika biashara zake, na ndiye aliyemweleza Krapf habari zake.

Julai 1851 Krapf akarudi. Safari hii aliandamana na Kivoi kuelekea mto Tana, na mwezi wa Agosti msafara ukashambuliwa. Kivoi akauawa. Krapf akajikuta peke yake porini, bila chakula na bila kibuyu cha maji. Alipofika mtoni alikunywa akashiba, kisha likamjia swali la kila msafiri wa nyika: maji ya mbele atayabeba kwa nini? Alijaza mfuko wa ngozi wa darubini yake, akajaza na mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi. Alisalimika kwa shida kubwa. Alikuwa na bunduki na darubini bora kuliko vyombo vyovyote vya wenyeji, lakini kibuyu ndicho kilichokosekana. Kila anayefunga mzigo wa Mombasa Desemba anafaa kuikumbuka mitutu ile kabla hajaamua kwamba maji yatanunuliwa njiani.

Nyika ile leo hupitwa kwa saa chache, na hapa msafiri wa Kwa Vonza ana nafasi ambayo wazazi wake hawakuwa nayo. Zamani ilibidi kupanda kwanza upande wa Machakos, kupitia Wamunyu na Masii, hadi kuikuta barabara kuu ya Mombasa pale Kyumvi. Njia hiyo bado ipo na ina faida zake, hasa kwa mwenye jamaa Machakos au mwenye gari lake. Inapita Emali na Makindu, na Makindu kuna Gurdwara ya Masingasinga iliyojengwa mwaka 1926 na mafundi na wafanyakazi wa reli. Hadi leo msafiri yeyote, wa dini yoyote, hupewa chakula bila malipo, na mwenye kuhitaji kulala hupewa mahali. Anachotakiwa ni kuvua viatu, kufunika kichwa, na kutoingia na pombe wala tumbaku. Katika barabara yenye malori mengi na madereva waliochoka, hapo ni pahali pa maana pa kunyosha miguu.

Lakini njia ya mkato sasa ni ya kusini. Tangu lami itandikwe kati ya Kitui na Kibwezi, mtu hupanda gari kutoka Kwa Vonza hadi mjini Kitui, akashuka kupitia Ikanga, Mutomo na Ikutha, akavuka mto Athi na kutokea Kibwezi, katika kaunti ya Makueni. Hapo amekwisha kufika kwenye barabara kuu, na Nairobi ameiacha mbali nyuma yake. Muhimu zaidi, yuko kwenye kituo cha reli ya kisasa. Treni ya Madaraka, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ina safari ya asubuhi inayosimama vituo vya kati: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani, kabla ya kuingia Miritini. Kwa mwenye watoto au mzee, treni inashinda basi bila mashaka. Kuna choo, kuna nafasi ya kutembea, na dirishani kuna Tsavo, mara nyingine na ndovu wenye rangi ya udongo mwekundu. Tiketi za Desemba huisha mapema, hasa za siku zinazokaribia Krismasi, kwa hiyo zikatwe mara tu tarehe ikipatikana. Anayesubiri wiki ya sikukuu ataishia kwenye basi, tena kwa nauli iliyopanda.

Basi la usiku lina watetezi wake. Halina jua, na linafika Mombasa alfajiri kabla joto halijaamka. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini mtu aliyekesha kwenye kiti hafai kuzungushwa mjini siku hiyo, na kukosa usingizi humpunguzia mwili nguvu za kustahimili joto. Kwa namna yoyote mtu atakavyosafiri, siku ya kufika iwe ya kuoga, kula na kulala.

Mto Athi unastahili kutazamwa kabla ya kusahaulika. Mtu wa Kwa Vonza anayekwenda Machakos huuvuka kabla ya Wamunyu. Anayekwenda Mombasa huuvuka tena kabla ya Kibwezi. Umeandamana na uwanda wa Yatta, ule mkondo wa volkeno uliogandamana kwa takribani kilomita 300, mmoja wa mirefu zaidi duniani. Mbele yake mto hubadilika jina ukawa Galana, kisha Sabaki, ukaingia Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Misafara ya zamani iliutumia mto huu ilipoweza, kwa sababu kati ya Voi na Mariakani kuna nyika ya Taru, ambako maji yalikuwa ya kubahatisha, mara nyingi mabaki ya mvua kwenye vidimbwi vya miamba. Abiria wa leo huipita Taru akisinzia. Mtoto akiamshwa hapo na kuambiwa kwamba watu wa kwao walipita hapa na pembe mabegani, wakihesabu maji kwa funda, ataitazama ile miiba kwa jicho jingine.

Hapo ndipo linapokuja pendekezo ambalo wapangaji wengi wa safari hawalifikirii: kushuka Mariakani badala ya Miritini, na kuanza na Rabai. Kutoka Mariakani gari hushuka hadi Mazeras, na Rabai iko karibu na hapo, juu ya vilima vinavyopata upepo kuliko kisiwani. Krapf na mwenzake Johannes Rebmann waliweka kituo chao hapo mwaka 1846. Miaka miwili kabla ya hapo Krapf alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga Mombasa. Kanisa lao la kwanza sasa ni makumbusho ya Krapf, na kando yake msitu wa Kaya Rabai uko miongoni mwa makaya ya Wamijikenda yaliyoingizwa mwaka 2008 katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Lakini kwa mgeni wa Kitui sababu kubwa ni nyingine. Kando ya Rabai walihamia Wakamba waliokuja kwa biashara, na wengine kwa kukimbia njaa za karne ya 19, na vizazi vyao viko pande za Rabai na Mariakani hadi leo. Ni uchungu kumwona mtoto wa Kitui akizungushwa Fort Jesus, akasimuliwa Wareno na Waomani, akarudi nyumbani akidhani historia ya pwani ni ya watu wengine. Babu zake waliishi hapa. Biashara yao ndiyo iliyojaza maghala ambayo milango yake atapiga picha kesho. Akianza Rabai, atauingia Mji wa Kale kama mtu mwenye haki ya kuuliza maswali.

Siku ya Mji wa Kale hugawanyika vipande viwili, na katikati kuna usingizi. Fort Jesus hufunguliwa saa mbili asubuhi, na mgeni wa kaskazi awe langoni saa hiyohiyo. Malipo hufanywa kwa mfumo wa eCitizen, kwa hiyo simu iwe na chaji na M-Pesa iwe na salio kabla ya kutoka nyumbani. Muda wa saa mbili na nusu unatosha kuizunguka ngome bila kukimbizana, mradi zile sehemu zisizo na kivuli, yaani juu ya kuta na kwenye ua, ziwe za kwanza, na vyumba vya maonyesho viwe vya mwisho.

Ngome ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, kwa amri ya mfalme aliyetawala Ureno na Hispania kwa pamoja. Kipande cha historia yake kinachomgusa zaidi mtu aliyechoka na joto ni kuzingirwa kwake na Waomani, kulikoanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698. Mizinga haikuwa adui mkubwa wa waliokuwa ndani. Maradhi, njaa na uchovu wa kufungiwa ndani ya kuta za matumbawe kwenye joto hili viliwamaliza mmoja mmoja, hata siku ya mwisho walionusurika walikuwa wachache mno. Meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyoletwa kuwasaidia, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi waliichimbua katika miaka ya 1970, na vyombo vyake vimo katika jumba la maonyesho. Baadaye walikuja Wamazrui, ambao utawala wao uliangushwa na Sayyid Said, mtawala wa Omani, mwaka 1837, kisha Waingereza, walioigeuza ngome kuwa jela kutoka 1895 hadi 1958. Makumbusho yalifunguliwa 1962, na UNESCO ikaitambua 2011. Katika nyakati za misafara mikubwa ya Kitui, basi, bendera juu ya kuta hizi ilibadilika, mwaka ule wa 1837.

Saa tano kasoro, jua likianza kuwa na nguvu, familia iingie vichochoroni. Wengi hufikiri vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba kwa sababu ya kukosa nafasi. Wembamba huo ni kivuli: nyumba ya upande mmoja humkinga na jua anayepita upande wa pili. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha kulichelewesha joto la mchana lisipenye ndani. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazizidi urefu fulani, vyumba vya kale vikawa virefu na vyembamba. Roshani za mbao zina vimianzi vinavyopitisha hewa na kuzuia macho ya wapita njia. Barabara ya Ndia Kuu, inayoanzia karibu na ngome, inatosha kwa asubuhi ya kwanza. Msikiti wa Mandhry, ambao kwa kawaida hutajwa kuwa wa mwaka 1570, uko upande wa Bandari ya Kale, na mnara wake mnene unaonekana kutoka nje. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba wenyeji walinawa miguu kwa maji yaliyowekwa mlangoni kabla ya kuingia msikitini. Mji wenye joto na vumbi ulikuwa umekwisha kujitungia adabu ya maji.

Mavazi yawe ya pamba, mapana, yanayofunika mabega na magoti. Hiyo ni heshima kwa mtaa ambao ni makazi ya watu, na pia ni kinga ya jua. Kanga hufunika kichwa, hutandikwa chini, humpangusa mtoto jasho. Wazee wakiwa barazani, vijana waanze kuamkia. "Shikamoo, mzee" hujibiwa "Marahaba, mwanangu, karibu," na mara nyingi jibu hilo huja na maelekezo ya njia ambayo hakuna ramani ya simu inayoyajua. Kupiga picha ya mtu, mlango ulio wazi au watoto wanaocheza huombwa kwanza. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala, na siku hiyo matembezi yaishe mapema zaidi.

Kutoka saa sita hadi saa kumi, mgeni asiwe nje. Jambo hili ndilo gumu zaidi kukubalika, kwa sababu aliyelipa nauli huona kila saa ya kulala ni fedha inayopotea. Wenyeji wenyewe hujilaza. Lita 3 za maji kwa siku kwa mtu mzima anayetembea si nyingi, na zinywewe kidogo kidogo, kabla ya kiu. Anayetoka jasho jingi hupoteza chumvi pia: vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita 1 ya maji safi hutengeneza kinywaji cha kuirudisha. Mtu akianza kuongea ovyo, ngozi ikawa moto na mwendo ukayumba, hapo hakuna cha kungoja. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji na kupepewa, na gari la hospitali liitwe. Watoto wachanga na wazee ndio wa kuchungwa zaidi, na mzee wa Kitui hatasema kwamba anaumwa.

Baada ya alasiri mji hufunguka tena. Upepo wa bahari umeingia, watu wanatoka, na ufuo wa Mama Ngina, uliokarabatiwa mwaka 2019, hujaa familia. Hapo kuna madafu, kuna mihogo iliyokaangwa na kupakwa pilipili na ndimu, na meli kubwa zikiingia bandari ya Kilindini hupita karibu hata mtoto husoma majina yake. Viazi karai na mishikaki huuzwa mitaani hadi usiku. Asubuhi yake ni mahamri na mbaazi za nazi. Mbaazi ni zao kubwa la Makueni, Machakos na Kitui, na mpishi wa Ukambani ambaye amezichemsha maisha yake yote na mahindi atazikuta hapa zimevaa tui, akataka kujua zimefanywaje. Amwulize mpishi. Watu wa Mombasa wanapenda kuulizwa habari za chakula.

Tarehe zitazamwe pia kwenye kalenda ya Kiislamu, ambayo hurudi nyuma takribani siku 11 kila mwaka ikilinganishwa na ile ya kawaida. Ramadhani inapoangukia miezi ya kaskazi, migahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa mchana, na anayesafiri na watoto wadogo abebe chakula chao na kuwalisha ndani. Jioni zake lakini hazina mfano. Baada ya kufuturu vichochoro hujaa taa, vitafunio na watu hadi usiku wa manane, katika saa zilezile ambazo joto limelegea.

Siku ya kuondoka ina nafasi ya kituo kimoja zaidi, nacho kiko Changamwe, upande wa bara, kuelekea Miritini kwenye treni. Wachongaji wa Kikamba walianzisha hapo chama chao cha ushirika cha Akamba Handicraft mwaka 1963. Chanzo chake kiko karibu sana na Kwa Vonza: Mutisya Munge wa Wamunyu, ng'ambo ya Athi, alijifunza uchongaji alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi na ufundi huo nyumbani, na ukaenea kutoka kijiji chake hadi maduka ya watalii ya nchi nzima. Changamwe mgeni hutembea kati ya mafundi wakiwa kazini chini ya vibanda, tezo mkononi, maganda ya mbao miguuni, na lugha anayoisikia ni Kikamba cha nyumbani. Kuna kivuli. Anayetaka kununua anunue kwa fundi mwenyewe, apatane naye kwa Kikamba, na aondoke mapema vya kutosha, kwa sababu barabara ya Changamwe hadi Miritini ina malori ya bandarini, na treni haimngojei mtu.